Ukisema unasoma riwaya ya Kiswahili unaulizwa kama unarudia mtihani. NIMECHOKA!

Mpenda Karatasi (mleta uzi)

Wakuu, nina hasira hata simu imepata moto mkononi. Naandika kabla sijapoa, maana nikipoa nitamsamehe, na huyu mtu hastahili msamaha.

Mnamjua. Sitaji jina. Yule anayepiga picha kitabu juu ya meza ya mkahawa, pembeni kikombe cha kahawa yenye povu, na saa ya mkononi nayo lazima ionekane. Kitabu chenyewe cha Kizungu, kinene kama tofali, na kialamisho kiko ukurasa uleule tangu daraja la Kigamboni halijafunguliwa. Huyo huyo.

Sasa kwenye kundi letu la wasomaji tuna desturi nzuri. Jumapili jioni kila mtu anasema anasoma riwaya gani na anatoa maoni ya kweli. Ya kweli, si ya kumfurahisha mtu. Mimi niko na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Nikaandika kwa moyo wangu wote. Nikasema Mwajuma, anayempokea Yasmin wakati ndugu zake mwenyewe wamemfungia mlango, ndiye anayekibeba kitabu, na mimi ningesoma hata kurasa mia nyingine za maisha yake pale mtaani Ng'ambo, Zanzibar. Nikasema Inspekta Wright na Koplo Matata wanamsaka Denge, yule mpigania uhuru, mpaka msomaji ndiye anayehema, ila kuna mahali msako unajirudia, ungepunguzwa. Nikasema Denge ananiudhi: nchi anaipa moyo wote, Yasmin anapewa makombo. Maoni hayo sikuyaokota. Nimeyawaza kwenye daladala, nimeyawaza nikikuna nazi, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.

Jamaa akasoma. Naona anaandika. Akanyamaza. Anaandika tena. Nikajua leo tutajadiliana kama watu. Ikaja hii:

"Dada, unarudia mtihani?"

Basi. Hiyo tu. Na emoji za kucheka machozi foleni nzima.

UNARUDIA. MTIHANI.

Mimi! Mtu mzima, nina watoto wanaoniomba niwasainie ripoti za shule, naulizwa mbele ya watu kama narudia mtihani! Na watu wakacheka. Admin, ambaye juzi alilifunga kundi kutwa nzima kwa sababu mtu alirusha tangazo la mbegu za matikiti, naye akaweka kicheko chake. Shemeji yangu, niliyemwingiza mimi mwenyewe kwenye kundi, akacheka!

Kosa la kitabu ni lipi? Kwamba kinasomeshwa kidato cha tano na sita? Kwani waliokichagua walikiokota jalalani? Kimetoka 1999, kinaisimulia Zanzibar ya Mwingereza na watu waliomchoka, na Amil Shivji amekitengenezea filamu iliyokwenda kuonyeshwa Toronto 2021. Kule Toronto hakuna aliyemuuliza kama anarudia mtihani!

Angesema kitabu kibaya ningemwelewa. Angesema Yasmin hana msimamo tungebishana mpaka adhana ya alfajiri, na ningelala na furaha. Lakini hakugusa kitabu hata kidogo. Hajakisoma! Naweka mkono motoni kwamba hajakisoma. Alisoma maswali na majibu, akajibu, akasahau, leo anatucheka sisi tunaosoma kwa kupenda.

Na huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele 2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel. "Mzanzibari mwenzetu!" Akakimbilia kupiga picha Paradise juu ya meza ileile, kahawa ileile. Shafi naye ni Mzanzibari, tena anaandika kwa lugha ambayo huyu jamaa anagombea nayo nauli kila siku. Ukimsoma huyo, unarudia mtihani.

Nimekesha nayo. Nageuka ubavu huu, unarudia mtihani. Nageuka ule, unarudia mtihani. Asubuhi muuza maziwa ananiambia shikamoo, mimi nasikia unarudia mtihani.

Haya, nyie mnasoma nini sasa hivi? Semeni bila woga, na maoni ya kweli. Na yeye yumo humu, najua yumo. Asome.

Kobe wa Pasiansi

Nimeshavuta kiti, karanga ziko hapa. Endeleeni wakuu.

Dogo Mwerevu

Pole sana dada yangu. Kwa hiyo ule wa kwanza ulipata daraja gani?

Mpenda Karatasi

Dogo, wewe ni yeye au ni mdogo wake?

Chumvi ya Pwani

Mimi nimo kwenye kundi hilo na nilicheka. Ilichekesha. Halafu mkuu, maoni yako yalikuwa marefu kuliko kitabu, mimi nilishuka nayo kwa kidole mpaka kidole kikachoka.

Shem wa Mbagala

Shem, mimi sikucheka. Kidole kiliteleza.

Mpenda Karatasi

Kiliteleza mara tatu? Pilau ya Jumamosi usije.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, nimesoma uzi wako na nimeumia nawe, maana nimefundisha riwaya miaka mingi na ugonjwa huu naujua. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka 1971 ilikatazwa shuleni. Watu wazima walikuwa wanaisoma wamejifungia. Baadaye ikaruhusiwa, ikawa kitabu cha darasani, na palepale vijana wakaacha kukisoma! Kitabu kilekile. Rosa yuleyule wa Namagondo, Zakaria yuleyule anayempiga mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana. Kilipokuwa haramu kilikuwa kitamu, kilipowekewa maswali kikawa adhabu. Nilikuwa namuuliza mwanafunzi, Rosa umemwonaje? Ananijibu, "Mwalimu, mwandishi amefaulu kifani na kimaudhui." Nakuuliza wewe mtoto umemwonaje Rosa! "Amefaulu, mwalimu."

Hilo ndilo linaloniuma mimi, si hicho kicheko chako.

Mpenda Karatasi

Shikamoo mwalimu. Lakini kicheko nacho kinauma.

Nyuki wa Thika

Huku Kenya hali ni hiyohiyo. Mimi ni wa miaka ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Nitawaambia ukweli: darasa letu lilisoma mwongozo. Kitabu chenyewe kilikuwa kinafungiwa kabatini ili kisichafuke. Mpaka leo ukiniuliza Majisifu alimtendea nini Amani nakujibu kwa hoja: alimwibia mswada, alijipatia sifa zisizo zake, na kadhalika, alama mbili kila hoja. Hadithi yenyewe nimekuja kuisoma juzi, nikiwa na kazi na kodi ya nyumba, na nimemchukia Majisifu upya kabisa. Mwalimu wangu wa wakati ule, kama unasoma hapa, ulitunyima kitabu kizuri.

Dogo Mwerevu

Kumbe huyu ndiye anayerudia mtihani kweli.

Nyuki wa Thika

Wewe kijana, wazazi wako wanajua uko mtandaoni saa hizi?

Bibi Harusi wa Kale

Tujibu swali la dada jamani. Mimi nasoma Peponi, ile Paradise ya Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, 2022. Maoni yangu ya kweli: misafara ya mfanyabiashara Aziz kwenda bara imenishika kuliko bustani na nyumba yake. Na Yusuf kuwekwa rehani kwa deni la baba yake, halafu anamwita anayedai, huyo huyo Aziz, "mjomba", hapo nililia kabisa. Kuna sehemu mambo yanakwenda polepole mno, nikawa naruka. Ila tafsiri inasomeka, hujikwai.

Mpenda Karatasi

Asante! Mnaona? Hivi ndivyo mtu anavyosema juu ya kitabu. Hakuna aliyemuuliza kama anarudia...

Kazi na Dua

Mimi niko na Kichwamaji ya Kezilahabi, nimefika katikati. Kazimoto ananichosha na mawazo yake, muda wote anajichimba roho, na huyo Manase ningemkuta barabarani ningempiga. Lakini kitabu hakinitoki mkononi. Hii wiki nimepitiliza kituo kwa ajili yake.

Chumvi ya Pwani

Vumilia, Kazimoto anajiua mwishoni, mtapumzika wote.

Kazi na Dua

WEWE!

Wewe Chumvi! Nimesema niko KATIKATI! Katikati maana yake nini kwenu huko? Nilikuwa nakitunza, nasoma kidogo kidogo kila usiku ili kisiishe! Umenimalizia kitabu kwa mstari mmoja! Moderator yuko wapi? Mtu huyu apigwe ban, tena ya maisha!

Chumvi ya Pwani

Kitabu cha 1974 bwana. Umepewa nusu karne ukisome.

Kazi na Dua

Mimi mwaka huo sikuwa nimezaliwa! Ningekisomea wapi, tumboni?

Kobe wa Pasiansi

Karanga zimekwisha, nitumieni nyingine.

Bibi Harusi wa Kale

Kazi na Dua yuko sahihi, wanaosema mwisho ni wachawi. Mume wangu alinifanyia hivyo, tena ananiona kabisa nimebakiza kurasa chache. Akapita na ndoo ya maji akasema mwisho, akaenda kuoga. Mpaka leo tukigombana, hata kwa suala la chumvi kwenye mboga, lazima niirudie ile siku.

Mtoto wa Chake

Nyie mnalia kuambiwa mwisho, vitabu si mnavyo! Mimi mtu niliyemwazima Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, lile toleo la zamani la 1972, hajarudisha. Alikuwa mchumba wangu. Uchumba ulivunjika na sikudai kitu, pete abaki nayo, viti abaki navyo. Kitabu nakidai mpaka kaburini. Nimemwona kwenye picha ya harusi yake na mke wake mpya, nyuma ya bega la bibi harusi kuna rafu, na kitabu changu kipo. Naijua ile rangi ya mgongo wake!

Mwalimu Mstaafu

Mimi wameninyang'anya rafu nzima kwa mtindo huo. Wanafunzi, walimu wenzangu, hadi padri.

Shem wa Mbagala

Padri alichukua kipi mwalimu?

Mwalimu Mstaafu

Rosa Mistika.

Mpenda Karatasi

Jamani turudi kwenye mada. Mtu mzima anaulizwa mbele ya kundi zima kama ana...

Gari Bovu

Mimi hizi za kulia na kujichimba roho siziwezi. Nasoma mpelelezi Willy Gamba, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Ukurasa wa kwanza tu mambo yameshaharibika, watu wanakimbizana, nalala nimeridhika. Joram Kiango wa Ben Mtobwa hamfikii hata kidogo.

Mtoto wa Chake

Hapana! Joram ana akili. Willy Gamba ana bastola na bahati.

Gari Bovu

Joram anasubiri adui ajikoroge mwenyewe, halafu anakuja kueleza. Huyo ni mtangazaji, si mpelelezi.

Mwalimu Mstaafu

Wote hao ni wajukuu. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla angewakamata wote wawili bila kunyanyuka kitini, kiko chake cha tumbaku mdomoni, msaidizi wake Najum pembeni hajaelewa kitu. Mzimu wa Watu wa Kale imetoka 1960. Hao wenu walikuwa wapi?

Gari Bovu

Mzee kwa heshima zote, Bwana Msa anaongea sana.

Mwalimu Mstaafu

Anafikiri kwa sauti! Jifunzeni!

Jicho la Tatu

Samahani wakuu, mwenye pdf ya Kuli, ile riwaya ya Shafi ya makuli wa bandarini Zanzibar, anirushie.

Bibi Harusi wa Kale

Hawa ndio wauaji wenyewe sasa. Mnasema mnapenda riwaya za Kiswahili, halafu mnaomba pdf ya bure ya mwandishi aliyekaa miaka kuandika. Chips mayai unanunua, bando unanunua, kitabu pdf.

Jicho la Tatu

Mama, kitabu chenyewe dukani hakipo! Nimezunguka Posta yote. Unaingia duka la vitabu unauliza riwaya, unaonyeshwa daftari na vitabu vya jinsi ya kuwa tajiri. Pesa ninayo, nimpe nani?

Shem wa Mbagala

Nenda pale Samora kwa wauza vitabu vya kando ya barabara. Uliza taratibu, usionyeshe shauku. Wakijua unakitaka, bei inapanda ukiwa umekishika.

Chumvi ya Pwani

Mimi ninayo Kuli, haina jalada. Elfu kumi na tano.

Jicho la Tatu

Bila jalada elfu kumi na tano? Wale makuli waligoma 1948 kwa sababu ya watu kama wewe.

Kazi na Dua

Usinunue kwa huyo, atakwambia mwisho wakati anahesabu chenji.

Mpenda Karatasi

Hakuna anayenisikiliza humu. Uzi ni wangu!

Dogo Mwerevu

Dada, Mzimu wa Watu wa Kale anayosema mwalimu ni ya kidato cha ngapi?

Tumbili wa Amani

Nimeona imetajwa Mzimu wa Watu wa Kale, na mimi nina kilio changu. Nimenunua nakala kuukuu, muuzaji ameapa kwa Mungu kwamba imekamilika. Nimesoma siku nzima, sijala, Bwana Msa amewakusanya watu, nimefungua ukurasa unaofuata: hakuna. Zimechanwa! Kurasa zote za mwisho! Nimerudi kwa muuzaji, anasema si unaona nyingine zote zipo. Anayejua nani alimuua Bwana Ali aniandikie faragha. FARAGHA. Chumvi wewe usiandike kitu.

Chumvi ya Pwani

Mbona sijasema neno?

Tumbili wa Amani

Naona unaandika. ACHA KUANDIKA.