Kuna mtu kaiweka bia yangu sikioni mbele ya wakwe zangu

Wakuu, nimetoka Kirumba hapa Mwanza sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule jamaa mnamjua, msinilazimishe kumtaja. Leo kanivua nguo ukweni.

Nilipeleka chupa 12 za bia niliyopika mwenyewe. Kimea, hopsi (yale maua ya kutia uchungu), hamira ya bia, wiki mbili nzima inachacha kwenye ndoo, vizibo nimegonga kwa mkono wangu huu. Siku ya nne baada ya kujaza nikabeba. Sato wamechomwa, baba mkwe kajiweka sawa kitini. Nafungua: kimya. Hata "psi" ya kusingizia hakuna. Namimina: imelala kama chai ya jana.

Jamaa akanipokonya chupa, akaiweka SIKIONI. "Haloo? Haloo? Mteja hapatikani."

Sebule nzima chali. Baba mkwe kacheka mpaka mwiba ukamkwama, ikabidi amezeshwe tonge la ugali. Kicheko kile nadhani hata mawe ya Bismarck kule ziwani yametikisika.

Sasa nani aliniambia nitie vijiko viwili vya chai vya sukari kwa lita 20 wakati wa kujaza, ili gesi iingie? Yeye! Nani alisema chupa ziingie friji siku ileile "zisije zikalipuka"? Yeye! Halafu huyohuyo anaiweka sikioni. Sikioni, wakuu! Mama mkwe anaona!

Kizibo Kimoja: Pole mkuu. Vijiko viwili ni kama gramu 10. Lita 20 zinataka gramu 120 hadi 140. Chemsha sukari na maji kidogo, ipoe, changanya taratibu ndipo ujaze. Na friji ndiyo imemalizia: hamira kwenye baridi inalala, haili sukari, gesi itoke wapi? Ziache nje wiki mbili, joto la Mwanza linatosha. Siku nyingine jaza na chupa moja ya plastiki ya soda. Ukiibonyeza ikawa ngumu kama jiwe, gesi imeingia.

Mleta uzi: Nimekuelewa, ila ALIIWEKA SIKIONI.

Dagaa Mkavu: Mteja hapatikani 😂😂😂 nimemwaga uji. Baba mkwe hakuacha ujumbe?

Mama Igoma: Shukuru Mungu hazina gesi. Mimi nilijaza kabla haijamaliza kuchacha, sikupima na haidromita (kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia) siku tatu nione kama namba imesimama. Saa nane usiku chupa saba zikalipuka chini ya kitanda. Mume wangu akatoka mbio na shuka, majirani wakaita sungusungu. Vipande vya chupa nilivitoa kwenye godoro mpaka Pasaka.

Dagaa Mkavu: Shuka alirudi nalo?

Mzee wa Nyegezi: Nyie mna friji za kuweka bia? Huku umeme umekatika tangu juzi, sangara wangu wa kilo nne kaoza wote. Nani atanilipa?

Mleta uzi: Mzee, fungua uzi wako. Hapa tunaongelea sikio.

Mama Igoma: Kilo nne kwa mizani ya nani? Yule dada wa pale ufukweni kilo yake ni robo tatu, na bado anakutukana ukihesabu chenji.

Kizibo Kimoja: Huyo! Juzi kaniuzia dagaa nusu mchanga.

Mzee wa Nyegezi: Kumbe siko peke yangu. Mimi alinipimia na utumbo.