Chapel Hill 4-8: aulizwe kocha, au waulizwe waliomleta?

Mwanzisha mada

Wadau, salaam. Nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ile ya vyuo, si soka. Jumamosi ya 29 Novemba 2025 Chuo Kikuu cha North Carolina, cha mjini Chapel Hill, kilimaliza msimu kwa kupigwa 42-19 na jirani zao NC State wa Raleigh. Mechi 12, ushindi 4, vipigo 8. Kocha mkuu ni Bill Belichick, mzee aliyekuwa na miaka 73 msimu huo, aliyeipa New England Patriots ubingwa wa NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, mara 6. Huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza maishani kufundisha timu ya chuo. Mkataba ni wa miaka 5, dola milioni 10 kwa mwaka, na malipo ya miaka 3 ya mwanzo yamehakikishwa. Umfukuze leo, bado unamlipa.

Aondoke au abaki? Msimamo wangu nautoa mapema: abaki mwaka wa pili, lakini wa kusimama mbele ya watu na kujieleza ni bodi ya wadhamini iliyoupitisha mkataba ule tarehe 12 Desemba 2024. Naishi Durham, mwendo mfupi kwa gari kutoka uwanjani pale. Tangu Septemba kazini kwetu, kinyozi, msikitini, kila anayeongea anamtaja kocha. Bodi haina anayeitaja.

Mechi ya kwanza, 1 Septemba, niliitazama mwanzo hadi mwisho. Walicheza na TCU, chuo cha Texas. Uwanja wa Kenan umefurika, Michael Jordan aliyesoma pale naye yupo. North Carolina wakaanza na mpira, wakashuka nao hadi mwisho wa uwanja, 7-0. Nikajiambia hii timu imekuja. Kilichofuata ni pointi 41 za TCU mfululizo bila jibu. Ikaisha 48-14, na katika miaka yote ya Belichick kama kocha mkuu hakuna timu iliyowahi kumfunga pointi nyingi namna hiyo. Mechi haijaisha, majukwaa yamebaki na mapengo. Mwezi uliofuata wakaja Clemson: robo ya kwanza tu, 28-3. Mchana kweupe watu wanarudi kwenye magari yao.

Lakini anayeishia hapo hajausimulia msimu wote. Oktoba hiyohiyo, kule California, walipoteza 21-18 baada ya kijana wao kudondosha mpira akiwa anakaribia kuuvuka mstari wa kufungia. Mechi iliyofuata wakawavuta Virginia, timu iliyokuwa kwenye orodha ya bora nchini, mpaka muda wa nyongeza. Wakaamua kutafuta pointi 2 za kushinda badala ya 1 ya kusawazisha, wakazuiwa pua na mstari: 17-16. Halafu wakawafunga Syracuse 27-10 na Stanford 20-15. Ulinzi wao wakati huo ulikuwa ulinzi kweli, na mimi nilianza kuamini. Kisha vikaja vipigo 3 mfululizo. Wake Forest sawa, walizidiwa. Cha Duke ndicho kilichoniuma. Wanaongoza 25-24 dakika za lala salama, Duke wanajipanga kama wanapiga teke la pointi 3, kumbe mpigaji mwenyewe anachomoka na mpira mkononi. 32-25. Kengele wanayoigombea majirani hao wawili ikabaki Durham. Na kwa kuwa bila ushindi 6 timu kwa kawaida haialikwi kwenye mechi za heshima za mwisho wa mwaka, msimu ukafungwa hapo.

Wanaosema apewe muda wana ushahidi mzito, tena wa Chapel Hill penyewe. Mack Brown, kocha aliyeondolewa kabla ya Belichick kuletwa, alipofika pale mara ya kwanza mwaka 1988 alishinda 1 akapoteza 10. Mwaka 1989 hivyohivyo, 1 kwa 10. Hakuguswa. Mwaka 1990 akashinda 6, na kufikia 1997 timu yake ilishinda 10 ikapoteza 1.

Ila miaka ile mchezaji akihama chuo alikaa nje msimu mzima, na chuo hakikuruhusiwa kumlipa. Kocha alirithi vijana wa mwenzake akasubiri wa kwake wakomae. Leo kijana anahama na kucheza papo hapo, na tangu 1 Julai 2025 chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka ule wa kwanza. Belichick aliingiza wachezaji wapya takriban 70. Sabini! Meneja wake, Michael Lombardi, akatangaza kwamba wao ni timu ya 33 ya NFL, maana ligi ile ina timu 32. Ukishajiita hivyo, huwezi ikifika Novemba ukaomba uvumiliwe kama fundi aliyeachiwa msingi mbovu. Kikosi hiki hakuachiwa na mtu. Alikisajili.

Basi kwa nini nasema abaki? Kwa ajili ya hao 70. Kocha akitolewa, wengi watahama tena, na kijana aliyepita vyuo vitatu anakuta baadhi ya masomo aliyofaulu hayahesabiwi anakokwenda. Hiki ni chuo cha umma, kilichofungua milango mwaka 1795 kabla ya chuo kingine chochote cha umma Marekani. Hata Kiswahili chetu kinafundishwa pale. Bodi iliyoamua kumkabidhi vijana hao mtu asiyewahi kufundisha chuoni, kwa fedha hizo, ituambie ilikuwa inapima nini: mechi, masomo, au kamera za televisheni? Karibuni.

Mdau wa Greensboro

Ndugu, hoja yako imejipinga yenyewe. Umethibitisha kwamba kikosi ni chake, kisha unasema abaki. Angalia Indiana. Mwaka 2023 walikuwa 3-9. Wakamleta kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, akaja na wachezaji wake wa kule, na mwaka wa kwanza tu, 2024, akawa 11-2. Desemba 2025 waliwafunga Ohio State 13-10 wakachukua ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo wanayocheza, na mpaka hapo hawakuwa wamepoteza mechi. Indiana, ambao miaka yote wamejulikana kwa mpira wa kikapu! Na alipoajiriwa mshahara wake haukufika nusu ya huu wa Chapel Hill. Sheria za uhamisho ni zilezile, majira ya usajili yaleyale. Mwenzake kaweza. Kumlipa mtu akae nyumbani ni hasara, nakubali, lakini kumlipa aendelee kupoteza ni hasara pamoja na mwaka mwingine wa vijana haohao unaowaonea huruma.

Mdau wa Mwanza

Mchezo wenyewe siujui hata sheria, ila ugonjwa naujua. Novemba 2023 Simba walikula 5-1 kutoka kwa Yanga, na wiki hiyohiyo kocha Robertinho akafungashiwa virago. Naomba kuelimishwa kitu kimoja: huyu mzee anasajili mwenyewe au kuna kamati? Maana kwetu kocha hubebeshwa lawama za wachezaji ambao yeye mwenyewe kakutana nao mazoezini.

Mwanzisha mada

Anasajili mwenyewe, mkuu. Yeye na Lombardi, aliyefahamiana naye tangu NFL, aliyeajiriwa kwa dola milioni 1.5 kwa mwaka kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kwenye usajili simtetei.

Mdau wa Columbus

Niko Ohio, kwa hiyo mfano wangu wa kwanza nautoa kwa watani wetu Michigan. Mwaka 2008 walimleta Rich Rodriguez kutoka West Virginia, kocha wa mfumo wa kasi na wa kukimbia na mpira. Akakuta kikosi kilichopikwa kwa mchezo mwingine kabisa. Kwotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, mwenye mkono mzito, Ryan Mallett, akahama mapema kwenda Arkansas. Matokeo yakawa 3-9, msimu wa kwanza wa kupoteza tangu 1967, na mechi za heshima walizocheza miaka 33 mfululizo zikakatika. Walifungwa hata na Toledo, 13-10, nyumbani kwao, kwenye uwanja unaobeba watu zaidi ya 100,000. Mwaka uliofuata 5-7. Uliofuata 7-6. Januari 2011 wakamtoa. Akaingia Brady Hoke, na msimu wake wa kwanza, kwa vijana wengi walioletwa na Rodriguez, akashinda 11 akapoteza 2. Mmoja kalima, mwingine kavuna. Lakini mbegu za Hoke mwenyewe zilipoanza kuota: 8-5, 7-6, 5-7, naye akatoka.

Sasa geuza upande wa pili. Nebraska 2018 walimrudisha nyumbani Scott Frost, kwotabeki wao wa kikosi bingwa cha 1997. Mwaka wa kwanza 4-8, hesabu ileile ya Chapel Hill. Jimbo zima likasema mtoto wetu huyu, mwacheni ajenge. Hakuwahi kumaliza msimu hata mmoja akiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Wakamtoa Septemba 2022, siku moja baada ya Georgia Southern kuwafunga 45-42, kwa malipo ya dola milioni 15, na wangesubiri mpaka 1 Oktoba wangelipa nusu yake. Hicho ndicho unachopata ukikubali 4-8 iitwe msimu wa kujenga bila kumuuliza mtu anajenga nini.

Kwa hiyo ndugu wa Durham na wa Greensboro, mnabishania tarakimu isiyojibu swali lenu. Kocha Deion Sanders kule Colorado alianza na 4-8 mwaka 2023, mwaka 2024 akawa 9-4, na mchezaji wake Travis Hunter akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 2025, Hunter na kwotabeki Shedeur Sanders, mwanawe kocha, wakiwa wameshakwenda NFL, ikawa 3-9. Ile 4-8 ya kwanza ilitabiri lipi kati ya hayo mawili? Mimi ningeangalia nani anabaki. Belichick akiwabakiza vijana wa ule ulinzi wa Oktoba na Novemba, kuna kitu. Wakitawanyika, amebaki na jina lake tu.

Mama wa Charlotte

Naomba niongee kama mzazi. Mwanangu yuko sekondari, anacheza ulinzi. Mwaka jana kocha wa chuo kimoja alikuja kwetu, akala pilau, akamwambia mume wangu, "Mtoto huyu kuanzia leo ni wangu." Haikupita miezi mitano akawa ameshahamia chuo kingine. Kijana hakuambiwa kitu, aliyasoma kwenye simu kama watu wengine wote. Wiki nzima hakula vizuri.

Nyote hapa mmepiga hesabu za mechi na za dola. Kaka wa Greensboro, ukisema "mwaka mwingine wa vijana" unahesabu mwaka wa mechi. Mimi nahesabu mwaka wa masomo. Hata kaka wa Columbus, swali lako la nani anabaki unalipima kwa faida ya kocha. Mimi nataka wanangu wabaki darasani.

Na bodi naomba niiongezee swali moja: katika mkataba ule wa milioni 50, kocha amebanwa kwa kiasi gani kuhusu vijana kumaliza shahada?

Mwanzisha mada

Mama, nimeisoma mara mbili. Hilo swali lilipaswa kuwa juu kabisa ya mada yangu, na mimi nimelipitia juujuu.

Ndugu wa Greensboro, Indiana naikubali yote. Ila uichukue mpaka mwisho. Cignetti alikuwa kocha mkuu vyuoni miaka mingi kabla ya Indiana kumwita. Anaijua shule, anajua kijana wa miaka 19 anashindwa vipi mtihani wa Alhamisi na anacheza vipi Jumamosi. Waliomchagua walitazama kazi. Waliomchagua Belichick walitazama pete za ubingwa wa NFL, na pete zile alizivuna akifundisha watu wazima wenye mikataba na familia. Sasa ukimtoa kocha leo, wateuzi walewale ndio watakaokaa meza ileile kuchagua mwingine. Ndiyo sababu nasema tuanze nao. Nakuuliza wewe: ukipewa nafasi, ungewaamini kuchagua mwingine?

Mdau wa Greensboro

Nisingewaamini, hapo umenishika. Lakini bodi ya wadhamini hatuipigii kura sisi, na kocha ndiye pekee ambaye kelele za watu zinaweza kumfikia. Mnataka nisubiri mpaka bodi ibadilike, na huku kuna vijana wanaosaini majira haya.

Abaki kama atabaki. Ila naweka alama. Mechi ya kwanza ya 2026 ni TCU haohao, safari hii Dublin, Ireland, tarehe 29 Agosti. Nitakuwa mbele ya televisheni tangu mpira wa kwanza, na nikiona tena pointi 41 bila jibu, mada hii naifufua mimi mwenyewe.

Mama wa Charlotte

Ukiifufua, kaka, usisahau kutuandikia na idadi ya waliomaliza shahada.