Kwa nini wanawake wa C1, C2 na C3 wagombee dhahabu moja?

Wadau, kuna jambo linanikereketa, naomba tulijadili.

Kwenye baiskeli za uwanjani za Paralimpiki, wanaotumia baiskeli ya kawaida ya magurudumu mawili hugawanywa madaraja matano, C1 hadi C5. C1 ndio wenye ulemavu mzito zaidi, C5 ulemavu mwepesi. Sasa tazameni Tokyo 2020, michezo iliyofanyika 2021. Mbio za kufukuzana, zile ambazo wawili wanaanzia pande mbili za uwanja: wanaume walikuwa na dhahabu tano, kila daraja na yake. Wanawake tatu tu. C4 walipata yao, C5 yao, halafu C1, C2 na C3 wakatiwa chungu kimoja. Paris 2024 mambo yakawa yale yale.

Wanachanganywaje? Kwa kizidishi. Ukimaliza, muda wako unazidishwa kwa asilimia ya daraja lako, na aliyeumia zaidi anapunguziwa zaidi. Kwa hiyo muda uliouona kwa macho siyo unaotoa medali.

Wengine wanasema kizidishi chenyewe ndiyo dhuluma. Mimi sikubali. Kwenye mita 500, mizunguko miwili tu ya uwanja wa mita 250, Qian Wangwei wa China, akiwa C1, alipata medali kule Izu, kwenye uwanja wa baiskeli wa michezo hiyo ya Tokyo, pamoja na Amanda Reid wa Australia aliyechukua dhahabu na Alyda Norbruis wa Uholanzi, wote wawili C2. Hata wanaume wa C1 hadi C3 huchanganywa kwenye mbio fupi, kwao mita 1000. Hapo mizani iko sawa, sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwenye kufukuzana. Mita 3000, mizunguko kumi na miwili, baiskeli haina breki, gia ni moja na pedali hazisimami hadi gurudumu lisimame. Dada yangu alipata polio utotoni. Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, naona anavyoufunga mguu dhaifu kwenye pedali kwa kipande cha tyubu ili usichomoke, kisha anasukuma kwa ule mmoja. Mlima mdogo wa kwetu unamtoa jasho mpaka kanga inalowa. Ukiniambia tofauti ya mguu na mguu inamalizwa na namba moja iliyoandikwa ofisini kabla ya mbio, kwa mwendo mrefu namna hiyo, nitakuuliza: mbona wanaume hamkuwamalizia kwa namba hiyo hiyo?

Najua jibu litakalokuja, kwamba wanawake ni wachache. Ni kweli ni wachache. Lakini chama cha baiskeli chenye fedha kidogo kitampeleka nani kambini, mwanamume wa C1 mwenye dhahabu yake ya peke yake, au mwanamke wa C1 anayegombea na madaraja mengine mawili? Uchache huo unapikwa kwenye ratiba, halafu unaletwa mezani kama sababu ya ratiba.

Tena jambo lenyewe linawezekana. Kwenye mashindano ya dunia ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, kila daraja la wanawake lina bingwa wake na jezi yake ya upinde wa mvua.

Simbezi aliyeshinda. Paige Greco wa Australia, wa C3, alishinda kufukuzana kule Tokyo, na ikawa dhahabu ya kwanza kabisa ya michezo ile. Aliistahili. Ila palipaswa kuwa na wanawake wengine wawili siku ile, mmoja wa C1 na mmoja wa C2, kila mmoja akipigiwa wimbo wake wa taifa.

Nilipomweleza dada hesabu hii, aliuliza, "Jumla ya medali za baiskeli uwanjani ni ngapi?" Nikamwambia mashindano 17: tisa ya wanaume, saba ya wanawake, moja la mchanganyiko. Akasema, "Basi hizo mbili wanazotuzidi ndizo za C1 na C2." Nikapiga hesabu upya. Ndizo.

Mnaotetea mpango huu, nawasikiliza.