Mume wangu alikuwa fundi wa boila melini, asbestosi imemuua: je, kesi ipo?

Mjane wa Norfolk
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Norfolk, Virginia. Marehemu mume wangu, Mmarekani, alitumikia jeshi la majini la nchi yake kuanzia 1966 hadi 1972, muda wote akiwa katika chumba cha boila, ambako mabomba yalivishwa asbestosi na ambako yeye mwenyewe alikwangua gasketi kuukuu kwa brashi ya waya huku akivuta vumbi lake. Saratani ya mesothelioma ilijitokeza baada ya miaka 50, na sasa ni miezi 9 tangu tumzike. Ofisi moja ya mawakili hunipigia simu kila wiki ikitaka nitie saini, ilhali shemeji zangu wanasema kwamba kulishtaki jeshi alilolipenda ni kumvunjia heshima. Isitoshe, hakuacha ushahidi wowote. Nifanyeje?

Mama Rehema
Pole sana, dada yangu. Waeleze shemeji zako kwamba jeshi halishtakiwi: tangu uamuzi wa kesi ya Feres, mwaka 1950, serikali ya Marekani haidaiwi kwa madhara yaliyotokana na utumishi wa kijeshi. Wanaoshtakiwa ni watengenezaji wa vifaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoendelezwa na wajane wa mabaharia wawili, DeVries na McAfee, iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba hata aliyeuza pampu ikiwa chuma kitupu alipaswa kutoa onyo, iwapo pampu hiyo ilihitaji kuongezewa sehemu za asbestosi, naye alijua hatari yake na hakuwa na sababu ya kuamini kwamba mabaharia wanaijua.

Karani Mstaafu
Simu zisikuharakishe, lakini kalenda uiogope. Virginia hutoa miaka 2 tangu kifo, na anayefungua shauri ni msimamizi wa mirathi, kwa hiyo anza kuomba uteuzi huo sasa. Malipo ya kila mwezi ya mjane kutoka wizara ya wanajeshi wa zamani ni jambo la pembeni lisilohitaji kesi. Ukiomba kabla ya mwaka mmoja kwisha tangu kifo, huhesabiwa tangu mwezi wa kifo. Una miezi 3!

Mwana wa Kilindini
Omba faili lake la utumishi kutoka hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi iliyoko St. Louis, kisha uiandikie hospitali isitupe sampuli za nyama zilizochukuliwa kwa uchunguzi. Sisi tulichelewa, zikateketezwa. Kilichotuokoa ni mzee mmoja wa zamu ya baba mkwe wangu, aliyekumbuka jina lililochongwa kwenye bamba la pampu. Watafute wenzake wangali hai.

Mjane wa Norfolk
Mungu awalipe. Nina picha yao wakiwa mbele ya boila, majina yote sita yameandikwa nyuma kwa mkono wake. Mmoja alikuja mazishini, na namba yake ninayo. Nitampigia leo jioni.