Corolla 110 injini ya 5A inavujisha oil kwenye tapeti kava, silikoni haikai

Mzee wa Tabata
Habari za saa hizi wakuu. Nina Corolla 110 yenye 5A, nimeinunua mkononi kwa mtu, injini haitoi moshi, haigongi, ila tapeti kava (lile kava la juu ya injini) inalia oil kila siku. Inashukia upande wa mbele kule kwenye eksozi, sasa nikikaa foleni pale Buguruni harufu ya oil inayoungua inaingia mpaka ndani, abiria wananiuliza kama gari inawaka. Fundi kapaka silikoni, ikatulia kidogo ikaanza tena, akapaka nyingi zaidi, hivi sasa kava lote limezungukwa na uji mwekundu na bado inavuja. Wiki hii imeanza kumisi asubuhi, yaani silinda moja haichomi vizuri, nikachomoa waya wa plagi ya pili nikakuta umelowa oil. Fundi anasema tushushe silinda hedi, kile kichwa cha injini chini ya kava. Kweli inafikia huko? Na kuna jamaa kaniambia nihamie oil nzito ya 20W-50 itapunguza. Naombeni msaada kabla sijaingia hasara.

Spana Kumi
Mkuu hedi usishushe. Gasketi ya hedi ikifa kwa kawaida utaona gari inachemsha, maji yanapungua, moshi mweupe, wakati mwingine oil inakuwa kama chai ya maziwa. Kwako hakuna hata kimoja hapo. Hiyo ni mipira tu imekufa, gari ya miaka ya 90 mpira umepikwa na joto mpaka umekuwa kama plastiki, ukiutoa ukaukunja unakatika pwaa.

Sasa sikiliza, kava la 5A linabanwa na nati chache za juu, na chini ya kila nati kuna mpira wenye washa, mafundi wengi hawaubadilishi kabisa. Nati haikazi kava moja kwa moja, inakaza ule mpira, ule mpira ndio unasukuma kava chini. Ukishachoka ukawa bapa, nati inafika mwisho wa uzi wake, wewe mkononi unasikia imekaza kumbe kava halijabanwa. Hapo hata uweke gasketi mpya ya dukani itavuja tu. Kwa hiyo nunua gasketi ya kava, mipira ya nati, na zile sili nne (pete za mpira) za mashimo ya plagi. Mara nyingi zinauzwa seti, lakini fungua pakiti uangalie palepale dukani maana seti nyingine inakuja na gasketi peke yake.

Hizo sili za plagi ndizo zinazokumisisha. Zinakaa ndani ya kava, geuza kava utaona kuna vijibati vidogo vimekunjwa vimezishikilia, vinyanyue taratibu, gonga sili itoke, weka mpya kisha rudisha vijibati kama vilivyokuwa. Fundi mvivu akiona hivyo vijibati anaacha sili ya zamani anapaka silikoni juu yake, mwezi unaofuata mteja karudi.

Halafu kabla hujafungua plagi toa kwanza ile oil iliyotuama shimoni, tumia bomba la sindano lenye kipaipu au kitambaa kwenye bisibisi, ukifungua plagi na oil ipo juu yote inashuka kwenye silinda, utawasha utoe moshi mtaa mzima ukimbiwe.

Dereva Mstaafu
Gari ya zamani ikiacha kuvuja ujue oil imeisha 😂 mimi naongeza tu maisha yanaenda.

Spana Kumi
Mzee wangu shikamoo, lakini hiyo yako inashuka chini kwenye lami, ya huyu inashukia eksozi ya moto na kwenye plagi. Na 5A inatumia mkanda wa taimingi wa mpira, oil ikipenya kule upande wa mkanda inaula. Mkanda unabadilishwa kwenye kilomita 100,000, ukilowa oil usitegemee ufike huko.

Na mleta mada, hiyo habari ya 20W-50 achana nayo, oil nzito itachelewa kidogo kutoka lakini tundu liko palepale, na asubuhi inapanda juu taratibu kwenye kemshafti, ile shafti ya juu inayofungua valvu.

Makanika wa Likoni
Mimi niko Mombasa, hizi 5A na 4A tumezifungua sana. Ndugu yangu kabla hujanunua kitu hakikisha oil inatoka wapi. Distribyuta ya hiyo injini, ile inayogawa moto kwenye plagi, imechomekwa pembeni mwa hedi na ina oringi (pete ya mpira), hiyo oringi ikikauka oil inateremka ubavuni na kila mtu analaumu tapeti kava. Osha injini kwa petroli na brashi ikiwa imepoa, pangusa ikauke kabisa, harufu yote iishe, ndio uwashe. Kisha nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka kava na kwenye shingo ya distribyuta, endesha mpaka sokoni urudi. Oil ikitoka itachora mstari kwenye poda, utaona chanzo bila kubahatisha. Usinyunyize karibu na mikanda wala mahali injini inapovutia hewa.

Kingine hamjataja hapa, PCV. Ni kile kivalvu kimechomekwa juu ya kava na paipu inaenda kwenye menifoldi. Kikiziba, presha ya ndani haina pa kutokea, inasukuma oil kwenye kila sili dhaifu. Kichomoe ukitikise, kikilia chaka chaka bado kina uhai, kikiwa kimya kimejaa masizi. Ni spea ya bei ndogo, mimi kila nikifungua kava nakibadilisha, na ule mpira wake pia.

Mama Vitz
Samahani nadandia, Vitz yangu yenye injini ya 1NZ nayo imeanza kulowa pembeni. Ni vilevile?

Makanika wa Likoni
Dada, wazo ni moja ila yako kava linashikwa na bolti zilizozunguka pembeni, na juu ya plagi zimekaa koili. Koili ikioga oil mpira wake unavimba na kulainika, nayo inamisi. Wahi mapema, koili ni ghali kuliko gasketi.

Mzee wa Tabata
Asanteni sana. Poda imefanya kazi, imechora mstari kwenye kava upande wa eksozi, distribyuta kavu. PCV nimeitikisa kimyaaa. Spea nimepata Gerezani zote. Swali, hiyo silikoni iliyoganda naitoaje, na je silikoni mpya niweke au nisiweke? Muuza duka kanilazimisha ninunue tyubu.

Spana Kumi
Hapo ndipo pa kutulia, ni nusu ya kazi nzima. Kabla hujakwangua ziba hedi kwa vitambaa safi, kipande cha silikoni kikidondoka ndani kinasafiri mpaka kwenye sampu (bakuli la oil chini ya injini) kinaziba chujio la pampu ya oil, injini inakufa kwa ajili ya takataka. Kwangua kwa kitu cha plastiki, kadi ya simu ya zamani inafaa, usitie bisibisi, hedi ni alminiamu inachubuka na mchubuko ni njia mpya ya oil. Mfereji wa kwenye kava usugue na mswaki na petroli. Mwisho pangusa pande zote mpaka kitambaa kitoke cheupe. Gasketi ya mpira inakaa juu ya pakavu, ukipaka oil au silikoni mfereji mzima itateleza itoke ukikaza, ndio maana ya kwako haikai.

Silikoni inatumika sehemu ndogo tu, pale kwenye kona ambapo kapu ya kemshafti inakutana na hedi kuna kingo imepanda, weka tone kama punje ya mchele kila kona, funga kava kabla haijakauka. Tyubu inayobaki mrudishie muuza duka, au kazibie bomba la jikoni.

Kaza kwa mzunguko, kila nati kidogo kidogo urudie. Kipimo chake ni Nm 6 tu, shika spana karibu na kichwa ukaze kwa vidole, ukisikia imegota acha. Ukitia nguvu ya bega unakata stadi (ule msumari wenye uzi unaoshika nati) ndani ya hedi, hapo ndipo hasara halisi inaanza. Usiwashe palepale, iache silikoni ikae muda ulioandikwa kwenye tyubu.

Mzee wa Tabata
Nimefunga jana, leo nimeenda Mbagala na kurudi, pakavu na haimisi. Ila bado nasikia kaharufu.

Makanika wa Likoni
Hiyo ni oil ya zamani imeganda kwenye bati la eksozi, itaungua siku chache iishe. Ikizidi wiki mbili chungulia mashimo ya plagi, ukikuta oil tena na sili za juu ni mpya basi ni chini, pale mrija wa plagi unapoingia kwenye hedi.