Serikali mpya inaweza kukataa kufunga mkanda huku bado inadaiwa?

Mama Bunga, Katuba

Jambo kwenu wote. Mimi nauza bunga, unga wa mahindi, soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, siasa za Ulaya si kazi yangu. Lakini kijana wangu wa pili anasoma uchumi chuo kikuu kule Kasapa, na tangu wafundishwe habari ya Ugiriki ya 2015 hatuna raha. Tukikaa tu kwenye bukari, yaani ugali, ni Tsipras waziri mkuu wao wa wakati ule hapa, Varoufakis waziri wake wa fedha pale. Anasema watu walichagua serikali mpya Januari 25, ikaapa kwamba mishahara na pensheni hazikatwi tena na deni lijadiliwe upya. Kufika Julai, serikali ileile ikakubali masharti makali. Kwake yeye, waliuza watu wao. Mimi nilimwambia ngoja kwanza.

Kwa sababu mwaka jana nilichukua magunia 40 kwa deni. Mahindi ya Zambia yakaingia kwa wingi, bei ikaanguka, nikauza kwa hasara. Nikamwomba mwenye mali miezi miwili. Akasema sawa, lakini mfukuze yule binti anayekusaidia, na uuze mzani. Nikakataa. Nikiuza mzani nitakulipa na nini, papa? Hakugomba hata kidogo, alicheka. Kesho yake asubuhi nikakuta kufuli mbili mlangoni, yangu na yake. Depo ilikuwa ya kwake. Saa nne haijafika nilikuwa nimekubali yote.

Basi nauliza wanaojua: Wagiriki walikuwa hawajaiona kufuli ya pili?

Msaidizi wa Kasapa

Mama, umeisoma vizuri kuliko wanafunzi wangu. Kufuli ya pili ni Benki Kuu ya Ulaya. Ugiriki inatumia euro, haichapishi pesa yake. Watu walipoanza kutoa akiba zao, benki za Athens zilisimama kwa mkopo wa dharura ulioruhusiwa na benki hiyo. Juni 27 usiku Tsipras akatangaza kura ya maoni; siku iliyofuata mkopo ule ukagandishwa pale ulipofika. Jumatatu Juni 29 benki zikafungwa. Mtu alipewa euro 60 kwa siku kwenye mashine, na noti za 20 zilipokwisha wengi wakatoka na 50. Wazee wa pensheni wasio na kadi walisukumana milangoni.

Hata hivyo, Julai 5 asilimia 61 walipiga kura ya hapana! Varoufakis akajiuzulu kesho yake. Julai 13, baada ya mkutano wa saa 17 hivi, Tsipras akakubali mpango wa tatu wa mikopo, wa hadi euro bilioni 86: kodi ya mauzo juu, pensheni kupunguzwa, mali ya umma kuwekwa kwenye mfuko wa kuuzwa.

Waliiona kufuli. Walidhani mwenye depo angeogopa kupoteza mpangaji.

Ruashi Moja kwa Moja

Dawa ya deni kulipa. Walikula, walipe. Mambo mengine ni maneno ya chuo.

Msaidizi wa Kasapa

Ndugu, nani alikula? Sehemu kubwa ya mikopo ya kuanzia 2010 ilipita tu Athens ikarudi kwa wadai. Mshahara wa chini ulikatwa asilimia 22 mwaka 2012, na mwenye kukatwa hakusaini deni lolote.

Papa wa Zamani, Kamalondo

Watoto, mnakwenda mbali. Oktoba 1986 Mobutu alisema hatatoa kwa madeni zaidi ya asilimia 10 ya mapato ya tunavyouza nje. Tulipiga makofi! Nilikuwa mgodini, na siku ile hata capita wetu, msimamizi wa kazi, mtu mkali yule, alinunua pombe. Mei 1987 tulikuwa tumerudi FMI, lile Shirika la Fedha la Kimataifa.

Na sisi mashine ya noti ilikuwa yetu, si ya mtu mwingine. Ilichapisha mpaka ikatoa noti ya milioni 5, ambayo wauzaji waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa nayo wakapora Kinshasa. Oktoba mwaka ule ikaja pesa mpya: zaïre milioni 3 za zamani kwa moja. Akiba yangu ya ndoa ya binti wa kwanza ikabaki ya kununulia sabuni. Kwa hiyo, mama, hata mwenye kufuli yake mwenyewe anaweza kulala njaa akiwa ndani.

Ruashi Moja kwa Moja

Lakini papa, 2010 si tulifutiwa zaidi ya dola bilioni 12?

Papa wa Zamani, Kamalondo

Tulifutiwa, baada ya kukubali kila kitu kwanza. Hata mkataba wa Wachina, wa madini kwa barabara, ulipunguzwa kutoka dola bilioni 9 hadi 6 ndipo FMI ikatulia.

Msaidizi wa Kasapa

Na Wagiriki vilevile. Juni 2018 waliongezewa miaka 10 kwenye sehemu ya deni, wakiwa wamefunga mkanda mpaka tundu la mwisho.

Mama Bunga, Katuba

Asanteni. Nimemsomea kijana yote. Akanijibu na habari ya wanawake wasafishaji wa wizara ya fedha ya Ugiriki, waliofukuzwa 2013, wakaandamana na glavu nyekundu za mpira, na serikali ile mpya ikawarudisha kazini. "Hilo nalo ni kuuza watu?" nikamuuliza. Akanyamaza, akaongeza bukari.

Papa, mimi yule binti nilimfukuza, mzani sikuuza. Nilisema umeibwa. Sasa nimepata depo Kamalondo, si mbali na kwako, ndogo, paa linavuja upande mmoja. Binti anarudi Jumatatu.