Sheli wameweka matangi mapya, petroli ya zamani bado iko kisimani kwetu

Wakuu, nimeandika nikiwa na hasira, mods msiufute.

Nakaa Dar, mtaa wa mchanga wa pwani, ukichimba kidogo tu unakuta maji. Ukuta wangu umepakana na sheli. Jina siliweki, mwanasheria wa kunitetea sina. Kisima chetu kinatumiwa na nyumba sita tangu enzi za marehemu mzee. Mwaka jana mwezi wa kumi mama watoto akaniambia chai inanuka. Nikasema ni sufuria. (Ndiyo, mnitukane, nastahili.) Wiki mbili baadaye mtoto akatoka kuoga macho mekundu, anajikuna shingo. Ndipo nikaenda kufunua kisima.

Harufu iliyonipiga ni kama umeweka pua kwenye tangi la bodaboda. Nikafunga chupa kwa kamba, nikaitia jiwe, nikaishusha taratibu. Kuivuta, juu pana kitu cha manjano unene wa vidole viwili, chini maji meupe yametulia. Nikalowesha tambara kwa kile cha juu, nikaenda nalo mbali kule uwanjani, nikawasha kiberiti. Fwaa! Na jirani yangu alikuwa ameshaita fundi aje kuunga nyaya za pampu siku hiyohiyo, mdomoni mwa kisima. Cheche moja tu tungekuwa tunaongea mengine.

Meneja wa sheli kwanza alisema ni oili ya gereji ya jirani. Oili gani ya gereji ina rangi ya manjano vile? Tukaenda kwa mjumbe, kwa mwenyekiti, barua tatu na mihuri yake. Mwezi wa pili ndipo wakaja mafundi kufukua. Nilipanda ngazi nikatazama kila kitu. Tangi moja kutu tupu, lakini kilichonishangaza zaidi ni bomba la kwenda pampu ya pili: kwenye kiungio mchanga wote umegeuka kijivu na unanuka mpaka kwangu. Udongo tipa mbili ukaondoka bila hata turubai. Nikamuuliza dereva anapeleka wapi, akacheka, akasema kuna watu bondeni wanataka kifusi. Kwa hiyo kuna mtu kajengea msingi uchafu ule. Uliobaki ukarudishwa shimoni, matangi mapya yakashuka, pevingi juu, rangi mpya. Meneja akaniambia: "Mzee, tumeshasafisha. Kama mna wasiwasi chemsheni maji."

CHEMSHENI?! Petroli ni kipindupindu? Ukichemsha, mvuke unatoka kwenye sufuria unaingia puani kwa mama aliyeinamia jiko. Ndani ya petroli mna benzeni, inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji. Pigeni hesabu: gramu moja tu inatosha kuharibu lita 100,000. Na benzeni haikai pale juu inakoonekana, inayeyuka kwenye maji na kutembea nayo chini kwa chini. Yale "maji meupe" ya chupani kwangu ndiyo yananitisha kuliko ule utando.

Kubadilisha tangi ni kuziba tundu. Kilichokwisha kumwagika hakijaguswa! Kusafisha ni kuchimba visima vidogo vya uchunguzi kuzunguka sheli ujue uchafu umefika wapi, kufyonza petroli inayoelea, kunyonya mvuke uliojificha kwenye mchanga, kuyatoa maji na kuyapitisha kwenye mkaa maalumu, pengine kupuliza hewa chini ili bakteria wale mabaki. Ni kazi ya miaka na unapima mara kwa mara. Hapa hakijachimbwa kisima cha uchunguzi hata kimoja. Ofisa aliyekuja kukagua alikuwa na kalamu na simu. Chupa ya sampuli hana!

Mtakuja kusema sisi si Marekani. Sawa. Wenzetu walibanwa na visima kama hivi mpaka 1984 wakatunga sheria ya matangi ya chini ya ardhi, na 1986 wakaanzisha mfuko unaochangiwa sehemu ya kumi ya senti kwa kila galoni, kwa ajili ya kusafisha mivujo. Imethibitishwa zaidi ya laki tano. Na sisi sheria tunayo, ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inasema mchafuzi ndiye alipe. Mbona ninayelipa ni mimi? Nanunua maji ya boza kila wiki, na lile simtanki nililokuwa najaza kutoka kisimani bado linanuka hata baada ya kusuguliwa kwa sabuni mara tatu.

Halafu meneja ananiambia tangi jipya lina kuta mbili, kama vile nimeenda kununua tangi.

Naombeni msaada kwenye mambo mawili. Kwanza, maabara gani hapa Dar inapima benzeni kwenye maji kweli, siyo chumvi na kinyesi tu, na sampuli inabebwa kwenye chupa ya aina gani? Nimesikia ya plastiki haifai. Pili, aliyewahi kumshitaki mwenye sheli akafika mwisho, aje PM. Nyumba zote sita tumeshasaini.